Majina manne ya mtu mmoja

Daktari alikuja maktaba na bahasha ya kaki kwapani. Ilikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi, wanafunzi wa mwaka wa kwanza wamejaa hadi kwenye ngazi wakigombea soketi za kuchajia simu. Nikamvutia kiti ndani ya kaofisi kangu.

“Shikamoo, Daktari.”

“Marahaba, mama. Za kazi? Nimekuletea shida yangu.”

Ndani ya bahasha niliona karatasi moja tu, iliyochapwa kutoka Scopus, kanzidata ya makala za kisayansi na nukuu zake. Juu jina lake, chini yake: makala 17, echi indeksi 8, yaani kipimo cha mtafiti kwa jinsi makala zake zinavyonukuliwa. Pembeni mtu ameandika kwa kalamu nyekundu neno moja, “Haitoshi”. Ombi lake la kupanda kutoka mhadhiri mwandamizi kuwa profesa mshiriki lilirudi likiwa limebanwa pamoja na karatasi hiyo.

Nina miaka 12 ya ukutubi, na sita ya mwisho kazi yangu kubwa imekuwa hii: kuwatafutia watafiti namba zao. Wamechapisha makala ngapi, zimenukuliwa mara ngapi, zimenukuliwa na nani. Huyu Daktari nilimfahamu kwa maandishi kabla ya kumfahamu kwa sura. Ni mtafiti wa ubongo na neva, na maisha yake ya kazi ameyamalizia kwenye kifafa cha vijijini: nani anakipata, tegu wa nguruwe anahusikaje, mtoto aliyepona malaria ya ubongo anabaki na nini kichwani, na kwa nini mgonjwa akishapewa dawa za mwezi wa kwanza harudi kuchukua za mwezi wa pili. Nilijua ana zaidi ya makala 17, kwa sababu zaidi ya hizo nilikuwa nimeziingiza mimi mwenyewe kwenye hifadhi ya kidijitali ya chuo.

Nikamwomba wiki mbili.

Tatizo nililiona kabla hajafika mlangoni. Sisi tuna majina matatu: lako, la baba, la babu. Cheti cha shule kinayaandika yote, na pasipoti vilevile. Lakini mhariri wa jarida la Ulaya anataka jina moja la mwisho, na mengine ayakate yabaki herufi za mwanzo. Makala za kwanza za Daktari, za enzi akisoma shahada ya uzamili, zimetoka na jina la baba mwishoni. Alipokwenda kusoma nje, fomu ya chuo ikachukua jina la babu ikalifanya la ukoo, na tangu hapo akachapisha kwa hilo. Mradi mmoja ukaunganisha la baba na la babu kwa kistari. Na jarida moja likakosea herufi, likaweka “r” palipo na “l”, akazaliwa mtu wa nne mwenye makala mbili na asiye na chuo.

Kanzidata inakusanya kazi za mtu kwa kulinganisha majina, taasisi, waandishi wenza na mada. Ukibadilisha jina na taasisi kwa wakati mmoja, kama ilivyomtokea yeye, yenyewe inaona watu wawili. Karatasi ya wino mwekundu ilichapwa kutoka kwa mmoja kati ya hao wanne. Na hakuna aliyempigia simu kumuuliza, “Daktari, hizi ndizo zako zote?” Swali la dakika moja.

Katika fani hiyohiyo ya kifafa limewahi kutokea jambo la jinsi hii kwa mtu mkubwa kabisa. Louise Jilek-Aall, daktari mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge, Ulanga, Tanzania ya leo, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1965 alichapisha makala ndefu juu ya kifafa miongoni mwa Wapogoro. Kati ya wagonjwa wake walikuwamo watoto ambao kichwa kinawaangukia mbele, kinarudi, kinaanguka tena, na wenyeji walikuwa na namna yao ya kusema: amesinzia kichwa. Miongo ikapita. Ugonjwa huo ulipozuka Sudan Kusini, kisha kaskazini mwa Uganda huko Kitgum na Pader, watafiti wakarudi kwenye maandishi yale ya Mahenge, na mpaka leo makala nyingi kuhusu ugonjwa wa kusinzia kichwa humtaja. Sasa nenda kaitafute. Ya 1965 mwandishi wake ni Aall-Jilek. Ile ya 1979 katika jarida la Epilepsia ni Jilek-Aall. Mama mmoja, jina limegeuzwa mbele nyuma. Na mtu ambaye angeipima makala ile ya 1965 miaka kumi baada ya kutoka, angeipima wakati watoto wale wa Uganda hawajazaliwa bado.

Basi nikakaa na orodha. Kila makala niliifungua, nikatazama jina lilivyoandikwa, taasisi, baruapepe, waandishi wenza. Zilizokuwa na shaka nilimtumia Daktari kwenye WhatsApp: hii ni yako? Mbili alizikataa, za mtu mwingine kabisa, wa nchi nyingine, anayefanya utafiti wa mgongo. Nilifurahi alipozikataa. Nikatuma Scopus ombi la kuunganisha profaili nne, na baada ya siku kadhaa zikawa moja. Makala 31. Zimenukuliwa jumla mara 1,115.

Echi indeksi ilibuniwa na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, mwaka 2005. Huhitaji mashine kuipata. Unapanga makala kuanzia iliyonukuliwa zaidi hadi iliyonukuliwa kidogo, unazipa namba za mstari, halafu unashuka ukilinganisha namba ya mstari na idadi ya nukuu; namba ya mwisho ya mstari isiyozidi nukuu zake ndiyo echi indeksi. Za Daktari zilikuwa hivi: 412, 188, 97, 61, 54, 40, 33, 29, 22, 19, 17, 15, 14, 14, 13, na kuendelea. Makala ya 14 imenukuliwa mara 14: inapita. Ya 15 imenukuliwa mara 13: hapo unasimama. Echi indeksi yake ni 14. Ilikuwa 8 kwenye karatasi nyekundu, na katikati hapo Daktari hakuandika hata sentensi moja mpya.

Nilipompigia simu kumweleza, alinyamaza kidogo. Halafu akasema, “Ile ya 412 iweke pembeni, mama.”

Ile ni makala ya muungano mkubwa wa watafiti wa dunia nzima wanaokadiria mzigo wa magonjwa ya neva, moja ya zile zenye waandishi mamia, majina yao yamejaza kurasa. Yeye alichangia data za hapa na kupitia rasimu. Hakutaka asifiwe kwa kazi ya watu mia kadhaa. Nikaitoa, nikahesabu upya mbele yake simuni. Jumla ya kunukuliwa ikaporomoka kutoka 1,115 hadi 703, zaidi ya theluthi nzima imekwenda. Echi indeksi ikashuka kutoka 14 hadi 13 tu. Hapo ndipo kipimo cha Hirsch kinapoonyesha uzuri wake: hakibebwi na mlima mmoja. Kwenye ripoti niliandika zote mbili, pamoja na ile na bila ile, na nikaeleza kwa nini.

Ubaya wake nao ni huohuo: mlima mmoja hakiuoni. Mwaka 1957 daktari mpasuaji William Scoville na mwanasaikolojia Brenda Milner walichapisha makala kuhusu mgonjwa aliyejulikana kwa herufi H.M. Alikuwa amepasuliwa ubongo mwaka 1953 ili kumtibu kifafa, na baada ya hapo hakuweza tena kuhifadhi kumbukumbu mpya. Makala hiyo imenukuliwa maelfu ya mara, na somo zima la kumbukumbu limejengwa juu yake. Kwenye echi indeksi ya Milner inahesabika kama moja. Mwaka 1971 John O’Keefe na Jonathan Dostrovsky wa London walitoa taarifa fupi kuhusu seli za hipokampasi ya panya, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, ambazo huwaka panya akifika mahali fulani. Kurasa chache tu. Tuzo ya Nobel ikamfikia O’Keefe mwaka 2014, miaka 43 baadaye. Sijui kamati ya kupandisha vyeo inayosubiri miaka 43, wala siidai isubiri. Ninachodai ni kwamba anayesoma namba ajue inaona nini na nini haioni.

Kwenye utafiti wa ubongo kuna jambo jingine wenzetu wa nje ya fani hawalijui. Anayetengeneza chombo hunukuliwa kuliko anayekitumia. Karl Friston wa University College London yuko katika safu ya juu kabisa ya wanasayansi wa neva wanaonukuliwa duniani. Ana nadharia zake nzito, lakini sehemu kubwa ya namba hizo inatokana na njia za kitakwimu alizoanzisha za kuchambua picha za ubongo, zile za programu ya SPM. Kila maabara yenye mashine ya MRI inayotumia njia hizo inamtaja. Haki yake, maana bila chombo hicho wengine wasingefanya kazi. Ila ukimweka mtu wa namna hiyo kwenye mstari mmoja na daktari anayepanda pikipiki kwenda kuhesabu wagonjwa wa kifafa kijiji kwa kijiji, rula yako imeshapinda kabla hujaanza kupima.

Na namba zenyewe hazikubaliani. Daktari yuleyule, siku ileile, kanzidata tatu: Web of Science ilinipa echi indeksi 11, Scopus 14, Google Scholar 19. Hakuna iliyokosea. Web of Science ina mlango mwembamba, majarida yetu mengi ya Afrika hayamo. Google Scholar inaokota hadi tasnifu, ripoti za miradi na nakala za rasimu. Kwa mtafiti wa huku tofauti hiyo huwa kubwa, kwa sababu wanaomsoma wengi ni wanafunzi wa uzamili ambao tasnifu zao haziingii kokote kwingine. Ndiyo maana mtu akiniletea namba bila kuniambia ameitoa wapi na tarehe gani, namrudishia.

Fomu ya chuo ilikuwa pia na safu ya “impakti fakta” ya kila jarida. Hii inanigusa mimi kama mkutubi, kwa kuwa kipimo hicho kilizaliwa kwenye kazi za watu wa fani yetu. Eugene Garfield wa Philadelphia, aliyeanza kuchapisha faharasa ya nukuu za sayansi katika miaka ya 1960, alikitumia kuchagua majarida ya kuingiza humo, na maktaba zikakitumia kuamua zilipie lipi. Unachukua nukuu za mwaka mmoja kwa makala za miaka miwili iliyotangulia, unagawa kwa idadi ya makala hizo. Ni wastani wa jarida. Kumpimia mtu kwa wastani wa jarida ni sawa na kumjua mwanafunzi kwa wastani wa darasa lake. Azimio lililoandikwa San Francisco mwezi Desemba 2012, linaloitwa DORA, linasema wazi kwamba kipimo cha jarida kisitumike badala ya ubora wa makala yenyewe wala kumpimia mtafiti. Safu ile niliiacha wazi, nikaambatisha ukurasa wa azimio.

Siku tano zilizobaki nilifanya kitu ambacho sikuwahi kukifanya kwa ukamilifu. Nilichukua makala yake ya pili, ile iliyonukuliwa mara 188, nikaanza kuzifungua zile zilizoinukuu na kutafuta sentensi yenyewe inayomtaja. Niliweza 60. Usiku, watoto wamelala, laptopu juu ya meza ya kulia, natafuta jina lake kwa kubonyeza Ctrl na F, nasoma aya.

Nyingi, 41 kati ya hizo, zilimtaja ndani ya rundo. “Kifafa ni tatizo kubwa Afrika”, halafu mabano yenye majina sita, lake la nne. Nane zilichukua kiwango chake cha wagonjwa na kukilinganisha na walichokipata wao. Kumi na moja, na hapa ndipo nilipoketi wima, zilikuwa zimechukua dodoso lake. Dodoso ambalo mhudumu asiye daktari analitumia nyumba kwa nyumba kuuliza, je, kuna mtu hapa anayeanguka, anayetoa povu, anayekakamaa upande mmoja. Wamelitafsiri kwa lugha zao na kwenda nalo vijijini kwao. Moja kati ya hizo kumi na moja inalipinga: inasema swali la saba linawakosa watoto wenye kifafa kisicho na degedege, na inaonyesha jinsi walivyolirekebisha.

Kwenye hesabu, zote 60 zina uzito mmoja. Moja, moja, moja. Aliyekutaja kwa heshima ya pitapita, aliyekusahihisha, na aliyebeba dodoso lako mgongoni kilomita arobaini. Na wapo wanaohesabika kwa kosa pia. Makala ya mwaka 2006 katika jarida la Nature kuhusu protini inayodaiwa kuharibu kumbukumbu za panya, iliyowavuta watafiti wengi wa ugonjwa wa Alzheimer, ilinukuliwa zaidi ya mara elfu mbili. Mwaka 2022 ikafichuliwa kwamba picha zake zina dalili za kuchezewa, na mwaka 2024 ikaondolewa rasmi. Nukuu zile bado zipo kwenye kanzidata.

Nilimtumia Daktari ile makala inayompinga. Alinijibu saa tano usiku: “Wana haki. Swali la saba lilinisumbua tangu mwanzo. Nani hawa? Nataka kuwaandikia.” Katika namba zote nilizompelekea, hiyo ndiyo iliyomfanya aandike usiku.

Kulikuwa na kitu kingine kwenye ile bahasha, nilikiona siku ya pili nilipoitikisa. Kijitabu cha kurasa 16, kimebanwa pini mbili, kwa Kiswahili. Alikiandika kwa ajili ya wahudumu wa zahanati: namna ya kumtambua mgonjwa wa kifafa, dozi ya fenobabitoni kwa uzito wa mtoto, nini usifanye mtu akianguka. Usimtie kijiko mdomoni. Usimmwagie maji. Usimwogope, hauambukizi. Nakala ile ilirudi kutoka zahanati moja baada ya miaka mingi ya kutumika. Jalada limelainika kama kitambaa, ukurasa wa dozi una doa la mafuta ya taa na alama za vidole gumba pande zote mbili, na mtu ameongeza kwa kalamu ya bluu, pembeni mwa jedwali, uzito wa kilo 7 ambao Daktari aliusahau. Nililitazama doa lile muda mrefu.

Hakina ISBN, namba ya vitabu, hakina jarida, hakina DOI, namba ya makala za mtandaoni. Kimenukuliwa mara sifuri.

Mwaka 2015 wataalamu wa vipimo hivi walichapisha katika Nature kanuni kumi zinazojulikana kama za Leiden. Mbili nimezibandika juu ya meza yangu. Moja inataka utafiti unaohusu mahali na watu wake ulindwe, usimezwe kwa kuwa haukuandikwa kwa Kiingereza katika majarida makubwa. Nyingine inasema anayepimwa apewe nafasi ya kuzihakiki data zinazomhusu. Hiyo ya pili ingekuwa imefuatwa, karatasi nyekundu isingekuwapo.

Ripoti niliyomwandalia ina kurasa tatu. Ukurasa wa kwanza unaeleza makala zake tano alizozichagua mwenyewe na nini kilitokea baada ya kila moja. Wa pili ni ile hesabu ya sentensi 60, na picha ya ukurasa wa dozi, doa likionekana. Namba ziko ukurasa wa tatu, kila moja na chanzo chake na tarehe niliyoitoa, pamoja na ile makala kubwa na bila ile. Daktari alizisoma zote amesimama dirishani. Kisha akachukua kalamu, akafuta neno “bingwa” nililomwekea kwenye aya ya kwanza, akaandika “mtafiti”.

Ombi limerudishwa kamatini. Kikao ni mwezi ujao.

Alipokuwa anaondoka aliniambia ana wanafunzi watatu wa uzamili wanaoandika makala zao za kwanza, na hataki yawapate yaliyompata. Nimewapangia Jumanne, saa nane mchana. Nitawafungulia ORCID, ile namba ya utambulisho ambayo mtafiti hubaki nayo hata abadili jina, chuo au nchi. Lakini kabla ya kuwasha kompyuta, nitampa kila mmoja karatasi tupu aandike majina yake matatu, na nimuulize atachapisha kwa jina gani, la baba au la babu. Mmoja wao ni binti anayeolewa mwezi wa kumi na mbili. Yeye nimemwambia afike nusu saa mapema.